Nilimtuma Mdogo Wangu Akapimwe Sukari Yangu

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mimi ni mama wa Mji wa Kale, mgonjwa wa sukari, na mlafi wa vitamu. Ndiyo, mlafi!

Siku ya kliniki ilinikuta nimekula kaimati hadi najionea haya. Daktari angenifokea mbele ya watu! Nikamwendea mdogo wangu, Zuhura, mwembamba, haugui hata mafua. Daktari alikuwa mgeni, na sote wawili twavaa nikabu.

"Chukua kadi yangu. Watakudunga kidole tu."

Akaenda akicheka, akarudi amenuna.

"Dada, nimegombezwa mimi! Ati sukari imepanda vibaya. Umeze vidonge viwili badala ya kimoja."

"Mashine yao mbovu hiyo," nikamwambia.

Lakini nikizikumbuka zile kaimati, nikaingiwa na hofu. Nikawa nameza viwili. Mjinga mimi!

Wiki zikapita. Zuhura akawa analalamika kiu, na kidonda cha mguuni hakiponi. Nikamwambia ni viatu vinambana.

Kisha tukaalikwa arusi, mtaa wa Tudor. Nilimeza viwili vyangu asubuhi, chakula sikugusa, nikiiwekea biriani nafasi. Biriani ikachelewa. Mikono ikaanza kunitetemeka, jasho likanitoka, nikaona mabibi arusi wawili. Sukari imeshuka! Nikaivamia sahani ya halua.

Mama mkwe wangu akanidaka mkono.

"Hebu mtazameni! Na sukari yake hiyo!"

Nikataka kueleza, ulimi mzito. Wanawake wakanikamata huku na huku. Mmoja akanipangusa vidole nisije nikavilamba. Mwengine akanisomea dua. Jamani! Nafa kwa kukosa sukari, na wanaoninyima ni wanaonipenda!

Zuhura akaja mbio, anachechemea, soda mkononi.

"Mwachieni anywe! Sukari iliyopanda si yake, ni yangu! Nilipimwa mimi!"

Wanawake wakaniachia, nikainywa yote.

Soda ikanirudishia akili. Kesho yake Zuhura akapimwa kwa jina lake mwenyewe. Anayo sukari, tena nyingi. Kile kidonda kilikuwa kimeshaharibika, akakatwa kidole cha mguu. Yeye amenisamehe. Mimi, kila akivua viatu mlangoni pangu, natazama pembeni.

Ndugu zangu, msitume mtu kliniki. Daktari akikufokea, sikiliza, urudi nyumbani. Na mkimwona mgonjwa wa sukari anatetemeka, jasho linamtiririka, anang'ang'ania kitamu kama aliyepandwa na wazimu, mpeni kwanza. Mtamsema akishapona!