Niliwafungia wauza miche wasio rasmi kwenye group letu la migomba, ugonjwa ukatokea kwa niliowapitisha

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sitajipaka mafuta. Mkimaliza kusoma nisemeni mnavyotaka.

Niko Kayanga. Watu kama sitini wa Karagwe na Kyerwa tuna group la kukusanya aina za zamani za migomba. Ni mapenzi tu. Mtu akipata Nshakara safi anatamba wiki nzima.

Shida ilikuja miche ilipoanza kuuzwa humo. Mimi admin nikawa silali kwa kuogopa mnyauko, maana mche mmoja mgonjwa unamaliza kibanja kizima cha migomba.

Kilimo sijasomea. Nilisoma mtandaoni, nikaandika kanuni kumi na nne. Admin mwenzangu akazipitisha bila kuzisoma (alikiri baadaye 😅).

Kubwa ilikuwa hii: hakuna kuuza mpaka nije nikague.

Nikachukua boda, siku moja nikapita kwa wauzaji watano. Kila shamba nakata migomba miwili mitatu, naangalia kama itatoa usaha wa njano. Usipotoka, nampa muuzaji tiki ya kijani.

Wa sita, Elizeus wa Nyakatuntu, alinizuia njiani kabla sijaingia kibanjani kwake.

"Admin, hicho kisu kimetoka kwa nani?"

Nikamwambia nimekifuta vizuri.

"Umekifuta! Hata mbwa anafuta sahani kwa ulimi. Kipitishe motoni, la sivyo rudi Kayanga."

Majirani wakacheka. Niliona kanidhalilisha. Jioni ile nikamtoa kwenye group na kutangaza kuwa ni muuzaji asiye rasmi.

Wiki kadhaa baadaye, Mama Koku wa Kibingo, mmoja wa wale watano niliowapa tiki, akatuma picha. Majani ya njano, ndizi zimeiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia.

Kesho yake mwingine. Kisha mwingine.

Nikafungua orodha yangu ya ukaguzi. Niliyeanza naye shamba lake lilikuwa zima. Kuanzia wa pili mpaka wa tano, wote wanaumwa. Kwa Elizeus, hakuna hata jani moja la njano.

Wakuu, hapo nikaelewa. Shamba la pili lilikuwa na ugonjwa ambao haujajionyesha, na mimi niliubeba kwa kisu, mlango kwa mlango, huku nikigawa tiki.

Nilienda kwa Mama Koku. Ana aina moja aliyoachiwa na mama mkwe wake, hakuna mwingine mwenye nayo kwenye group.

"Shikamoo mama. Ugonjwa nimeuleta mimi."

Aliingia ndani, akatoka na jembe.

"Waitu, mwanangu! Ungekuwa wangu ningekuchapa. Kwa kuwa si wangu, shika jembe."

Tuling'oa na kufukia mpaka saa kumi. Aina ile ilikuwa na mashina matatu. Mawili yameenda. La tatu bado ni la kijani.

Elizeus nimemwomba radhi, akarudi kwa sharti kwamba kanuni ya kwanza imbane mkaguzi: kisu kipite motoni kabla ya kila shamba. Nimeiandika hivyo. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naogopa kila mtu kasoro mmoja, mimi.

Sasa naombeni wenye uzoefu. Lile shina la tatu tuling'oe au tulisubiri? Mama Koku anataka jibu langu, na mimi naogopa kumjibu.