Gari la Viti Viwili

Kila Jumamosi asubuhi fundi aliyeitwa Spana alikwenda kwa tajiri mmoja kuliwasha gari lake la mbio. Alishamtisha kwamba bila hivyo betri itakufa. Ulikuwa uongo, lakini ulimlipia karo ya watoto. Kiti cha abiria kilikuwa bado na nailoni ya dukani, na Spana, ambaye pikipiki yake haiwaki mpaka isukumwe, alinung'unika moyoni: penye miti hapana wajenzi!

Mwaka wa nne, Jumamosi moja, tajiri alitoka na kandambili, akaichana ile nailoni, akaketi.

“Twende wapi, bosi?”

“Hatuendi popote. Nasikia binti yako kajifungua. Mtoto kafanana na nani?”

Spana alisimulia, injini ikinguruma palepale, mpaka mzee akacheka, kisha akapangusa macho. Fundi roho ikamsuta.

“Bosi, nisamehe. Betri hii inakaa hata mwezi bila gari kuwashwa.”

“Najua. Niliambiwa siku niliyolinunua,” tajiri alisema, akiikunja nailoni taratibu mapajani. “Jumamosi usichelewe.”