Dada Makochi na Lugha ya Mdogo Wake

Mtaani walimwita Dada Makochi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuvika makochi upya. Ukimpelekea kochi lililobonyea katikati mpaka mgeni akikaa magoti yanamgusa kidevu, alilivua kitambaa, akang'oa sponji kuukuu, akakaza mikanda ya chini, na baada ya siku chache unarudishiwa kitu ambacho wewe mwenyewe unaona haya kukikalia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Ndani yake, asubuhi mpaka jioni, walikuwamo watu wawili: yeye kwenye cherehani, na mdogo wake wa kiume sakafuni, akishona kingo kwa sindano iliyopinda.

Mdogo wake huyo alikuwa kiziwi. Homa ilimpata angali mchanga, kabla hajajua kusema, ikamwachia uhai ikaondoka na masikio. Shule hakupelekwa. Karibu hapakuwa na shule ya kumpokea, na baba yao hakuwa mtu wa kuhangaika na ya mbali. Basi ndugu wawili hawa wakatunga ishara zao wenyewe tangu utotoni. Kupapasa shavu ilikuwa mama, kwani mama yao alikuwa na kovu dogo shavuni. Kuvuta masharubu ilikuwa baba. Vidole viwili vikikata hewa ilikuwa mkasi, kusugua tumbo njaa, na ngumi kugonga kiganja ilikuwa mteja msumbufu. Hiyo ilitumika sana.

Wazazi walipoondoka duniani, mama kwanza, baba miaka mingi baadaye, dada alimchukua mdogo wake akamfundisha kazi. Waliishi vizuri. Watu wakimwuliza anaelewana naye vipi, Dada Makochi alicheka. "Mimi na huyu hatuna la kufichana," alisema. "Nikimtazama usoni tu, namsoma."

Jambo moja tu hakulisoma, nalo hakulitilia maanani. Ndege ikipita juu, mlango wa bati ulitetemeka kidogo, na mdogo wake aliuhisi mtetemo ule kabla mtu mwingine yeyote hajasikia mngurumo. Aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi, akatoka nje, akasimama uso juu mpaka ndege ipotee. Wateja walimtania. Dada naye alicheka pamoja nao. "Huyu ni rubani," alisema, "ila alikosea mlango wa kuzaliwa."

Mwaka mmoja Dada Makochi akapata kazi ya kuvika upya viti vya maktaba ya umma. Jengo lile alikuwa akilipita tangu ujana wake, wala hakuwahi kukanyaga ndani. Aliamini ni la wanafunzi na wenye tai, na kwamba mlangoni kuna mtu anakata tiketi. Siku ya kwanza alisimama kwenye ngazi, mfuko wa zana mkononi, akamwuliza mkutubi, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, kama wao mafundi nao wanapaswa kulipa kiingilio.

"Hakuna kiingilio, mama," mkutubi akasema. "Hii ni yenu."

"Yetu nani?"

"Yenu nyinyi. Ya watu wote."

Dada Makochi akakibonyeza kiti kilichokuwa karibu, kidole kikazama mpaka kwenye ubao. "Ndiyo maana," akasema. "Cha wote hakina sponji."

Mkutubi alicheka mpaka miwani ikamdondoka puani, na tangu hapo wakawa marafiki.

Viti vilikuwa vingi mno kuvihamisha, kwa hiyo walifanyia kazi palepale, kwenye kona ya ukumbi wa kusomea. Dada Makochi alikuwa akipigilia kitambaa huku macho yanatembea. Pale mzee anasoma gazeti la jana kwa kioo cha kukuzia. Kule wanawake wamekaa mbele ya kompyuta, msichana anawaonyesha namna ya kuandika maombi ya kazi. Karibu na mlango nesi amefungua meza, anapima watu presha. Watoto wamelala kifudifudi juu ya mkeka, kila mmoja na kitabu chake, na mmoja anatoka mlangoni na vitabu vitatu kwapani wala hakuna anayemfukuza. Dada alitafuta kwa macho pahali panapolipiwa. Hakupaona. Mwishowe akaacha kutafuta, akabaki kuangalia tu, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akakuta ndani kuna bustani.

Siku ya kumalizia ilikuwa Jumamosi. Alipoinua kichwa kuomba mkasi, mdogo wake hakuwapo. Alimtafuta kati ya rafu, akamkuta kwenye korido, amesimama mbele ya ukuta wa kioo wa chumba cha watoto, stapla bado mkononi.

Ndani ya chumba watu wazima wamekaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti juu, na mbele yao mwanamume mwenye mvi anasimulia jambo kwa mikono. Mikono ile ilipanda, ikashuka, ikapinda, ikaruka, na uso wake ukafuata nyuma kama kivuli. Kisha watu wote wakaangua kicheko kwa pamoja. Mmoja alicheka mpaka akashika mbavu.

Mdogo wake hakupepesa jicho. Dada alimgusa bega, hakugeuka.

"Wale wanafanya nini?" alimwuliza mkutubi aliyekuja nyuma yao.

"Wanaongea. Ni darasa la lugha ya alama. Mwalimu mwenyewe ni kiziwi, na wengi wao pia. Wengine ni ndugu zao."

"Wanaongea nini?"

Mkutubi, aliyekuwa amejifunza kidogo kidogo kwenye darasa hilohilo, akatazama. "Anasema alimpikia mkwewe mara ya kwanza, akachanganya chumvi na sukari. Mkwe akala chote, akashukuru, akaenda nyumbani akawaambia kwamba bwana harusi ni kiziwi wa ulimi pia."

"Yote hayo amesema kwa mikono?"

"Yote hayo."

Dada Makochi akazipitia ishara zake kichwani: njaa, mkasi, mteja msumbufu. Kwa hizo huwezi kumsimulia mtu habari za mkwe. Kwa hizo huwezi hata kusema jana.

Mwalimu aliwaona. Alifungua mlango, akamtazama mdogo wa Dada Makochi machoni, akamsalimu kwa mkono na kumwuliza kitu. Mdogo wake akageuka nyuma kuona anayesemeshwa ni nani. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akamrudia mwalimu, polepole, akajigusa kifua: mimi?

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono akamwingiza ndani.

"Na ada?" Dada Makochi aliuliza.

"Mama," mkutubi akasema, "bado tu unaitafuta ada?"

Siku hiyo mwalimu alimwuliza mdogo wa Dada, kwa vitendo, anafanya kazi gani. Yeye akaonyesha: sindano iliyopinda, inaingia kwenye kitambaa, inatoka. Mwalimu akaifupisha ishara ile ikawa mkunjo mmoja wa kidole mbele ya kifua, akawaonyesha wanafunzi, nao wote wakairudia wakimwelekea yeye. Likawa jina lake. Njiani kurudi nyumbani alilifanya tena na tena, na kila mara alijigusa kifua baadaye, kuhakikisha ni lake. Dada alikwenda kando yake. Maisha yake yote alikuwa akimwita kwa jina walilompa wazazi, naye mwenye jina hakuwa nalo hata siku moja.

Wakaanza kwenda kila Jumamosi, mvua na jua. Walipewa kadi za maktaba, wakaazima kitabu cha michoro ya mikono, na siku za katikati, kazi ikiwa nyepesi, walikwenda kukaa kwenye kompyuta kutazama video za masomo. Mdogo wake alimeza lugha ile kama ardhi iliyokosa mvua. Dada alikwenda kwa kuchechemea. Vidole vyake vilikuwa vya mkasi, vigumu, na mara nyingi alipotaka kusema "asante" mdogo wake alicheka mpaka machozi, kwa sababu alikuwa amesema jambo lingine kabisa. Mdogo mtu alimpiga kofi dogo mkononi, akamkunja vidole upya, kimoja kimoja, kama anayemfundisha mtoto kushika sindano.

Miezi ikapita. Alasiri moja mlango wa bati ulitetemeka. Mdogo wake akatoka, akatazama juu mpaka ndege ikapotea, akarudi. Lakini hakukaa sakafuni. Alivuta kigoda mbele ya dada yake, akaisimamisha cherehani kwa mkono, akapapasa shavu lake. Mama. Kisha akatumia alama walizojifunza.

"Mama atarudi lini?"

Dada alidhani ameona vibaya. "Sema tena," akamjibu.

"Mama. Alipanda ndege. Atarudi lini?"

Hapo ndipo Dada Makochi alipokumbuka. Mama alipozidiwa, mdogo wake, mtoto mdogo bado, alipelekwa kwa shangazi. Mazishi hakuyaona. Aliporudi nyumbani akazunguka vyumbani akipapasa shavu lake, akimtafuta mama, na watu wazima, baba, majirani, yeye dada mwenyewe, wote walimjibu kwa njia moja. Walinyoosha kidole juu.

"Baba nilimwona akishushwa kaburini," mdogo wake aliendelea. "Nikaelewa. Mama sikumwona. Mlionyesha juu. Juu kuna ndege. Nilivunja mtungi, nikapelekwa kwa shangazi, niliporudi hayupo. Alinikasirikia?"

Dada aliinua mikono. Akaishusha tena. Alama alizozijua zilikuwa chache mno kwa jambo kubwa namna ile, na aliogopa akikosea safari hii hatacheka mtu. Akasimama, akafunga karakana mchana kweupe, mteja yuko nje anaita, akamshika mdogo wake mkono wakaenda moja kwa moja maktaba.

Mkutubi alipowaona nyuso hakuuliza mengi. Aliwaingiza kwenye chumba kidogo nyuma ya rafu, akamwita mwalimu ambaye siku hiyo alikuwa akisoma magazeti ukumbini, wakafunga mlango. "Sema, mama," akamwambia. "Sema kama unavyosema siku zote. Sisi tutayapeleka."

Naye akasema. Alisema mama aliumwa kifua tangu kabla ya mtungi kuvunjika, wala mtungi wenyewe hakuna aliyeukumbuka. Alisema mtoto alipelekwa kwa shangazi kwa kuwa alikuwa haondoki kitandani kwa mama, akimvuta mkono aamke. Alisema siku za mwisho mama aliuliza, "Yuko wapi mwanangu? Amekula?" na alipoambiwa amekula, akatulia. Alisema hakupanda ndege. Alikufa, akazikwa, na kaburi lake lipo, haliko mbali.

Mkutubi alipeleka maneno, mwalimu akayanyoosha pale alipoona hayajafika. Mdogo wake aliitazama mikono ile, na pale kwenye "amekula?" akamsimamisha mwalimu, akaomba airudie. Mwalimu akairudia. Akaomba tena. Halafu akaanza kuuliza, na maswali yakawa kama maji yaliyovunja kingo: sauti ya mama ilikuwaje, watu wanajuaje sauti ni nzuri, alimpenda nani zaidi, kwa nini hakuna aliyemwambia. Kwa hilo la mwisho Dada Makochi hakuhitaji mkalimani. Alijibu kwa mikono yake mwenyewe, vibaya, polepole. "Hatukuwa na maneno."

Mdogo wake akamfuta machozi kwa kiganja kilichojaa gundi iliyokauka, na yeye mwenyewe akalia, kwa sauti, sauti nzito ambayo dada yake hakuwahi kuisikia. Nje ya mlango watu waliinua vichwa kutoka vitabuni. Hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Siku ya pili walikwenda makaburini. Mdogo wake alipiga magoti kando ya kaburi, akazungumza na mama yake kwa mikono kwa muda mrefu sana. Dada alisimama mbali kidogo. Alama nyingine alizielewa, nyingine hakuzielewa, na hakumwuliza.

Usidhani baada ya hapo maisha yao yalikuwa shwari. Mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo ana mengi. Juma lililofuata lilipoletwa kochi kubwa na kitambaa cha kijani kibichi, mdogo wake alikitazama kile kitambaa, akakitupa mezani.

"Kibaya," akasema.

"Mteja ndiye aliyekichagua," dada akamjibu.

"Mteja hana macho. Na wewe pembe zako unazikunja vibaya. Zamani sana nimeona. Kunja mara mbili, ndipo ushone."

"Zamani sana? Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?"

Dada alipandwa na hasira, akamwambia yeye ndiye aliyemfundisha kushona. Mdogo mtu akamjibu ndiyo, alifundishwa vibaya. Walibishana mpaka chai ikapoa, mikono inapigana hewani, nyuzi zinaruka, na mteja aliyechungulia mlangoni akarudi nyuma, akidhani wanapigana kweli. Mwishowe Dada Makochi aliikunja pembe mara mbili, akashona. Ikakaa vizuri, vizuri kuliko zake zote. Akaupitisha mkono juu yake, akamtazama mdogo wake aliyeinama tena sakafuni, anauma uzi kwa meno, uso umetulia kama mtu aliyeshinda kesi. Mshangao ukamshika, hakuweza kuendelea na kazi. Alikuwa ameishi na mtu huyu chini ya paa moja tangu utoto wake, amemlisha, amemvika, amemsemea mbele za watu, na ndiyo kwanza wanajuana.