Waranti Isiyo na Mwenyewe

Juzi nikiwa katika duka moja la kompyuta hapa Kitale, mama mmoja aliingia amekumbatia printa aliyoinunua hapo. Ana kibanda cha kuchapisha kule Ndalu, na shule jirani ilikuwa ikingoja mitihani yake. Printa ilikuwa na waranti bado, lakini ilikuwa imegoma kuvuta karatasi.

"Mama, hiyo ni mambo ya kampuni. Wapigie," muuzaji alisema bila kuinua macho.

"Nimewapigia. Wanasema ni mambo ya duka."

"Sasa mimi nitafanya aje?"

Mama hakubishana. Aliiweka printa juu ya kaunta, akavuta kiti, akapigia kampuni na kuwasha spika. Muziki wa kungojea ulilia hadi wateja wengine wakanyamaza. Sauti ya huduma kwa wateja ilipojibu, alimsukumia muuzaji simu.

"Ongeeni nyinyi wawili. Mkikubaliana, mtaniambia."

Walivutana kidogo, kila mmoja akimwita mwenzake "boss". Mwishowe walikubaliana abadilishiwe, na muuzaji akashusha printa nyingine rafuni. Mama aliijaribu papo hapo, karatasi ikatoka safi, ndipo akainuka.

Huenda sisi wateja ndio tumekuwa tukiongea sana, ilhali wenye la kujibizana ni duka na kampuni.