Kiwele cha Mtamba Wetu

Mama yangu alikuwa na shoga mmoja tu duniani, na alimpoteza kwa sababu ya kiwele cha ng'ombe. Nikiwaambia watu maneno haya wanacheka. Mimi sijawahi kucheka.

Tulikaa Kinondoni, upande wa kuelekea Tandale. Baba alikuwa ameshafariki. Kiwanda alichofanyia kazi mama kilipopunguza watu, naye akapunguzwa, na kiinua mgongo chake chote akakitia kwenye mtamba wa kizungu, ndama jike aliyetoka kuachishwa kunyonya. Miaka ile kila mwenye ua alifuga. Walimu, makarani, hata mahakimu walikuwa wakienda kazini wananuka zizi. Mama alisema mtamba akizaa, maziwa ndiyo yatakuwa mshahara wetu.

Shoga yake alikaa nyumba ya pili. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa mdomo, anayeanza kucheka kabla hajamaliza kusema. Kila asubuhi alikwenda soko la Tandale kununua vitu vya genge lake, na alirudi na beseni kichwani limejaa maganda ya ndizi na majani ya kabichi kwa ajili ya mtamba. Mama naye aliongeza pumba na mashudu, na sikukuu ikifika hata ubwabwa. Tuliobaki na njaa ni sisi watoto. Nikilalamika, yule mama alinijibu, "Wewe utatupa maziwa? Kaa kimya, mwache mwenzio ale."

Mtamba akanawiri mpaka akawa gumzo. Ngozi yake iling'aa, na mgongo ulikuwa mpana kama meza. Alipokuwa mkubwa akapandishwa, mimba ikashika, na siku za kuzaa zilipokaribia kiwele kikajaa kikamning'inia. Shoga wa mama akaja kukitazama, akakipapasa kwa mikono miwili.

"Weee, shoga! Kiwele hiki! Maziwa tutaogea sie!"

Akacheka, akaenda zake kufungua genge. Hakusema mashaallah. Kwetu sisi watu wa pwani, ukisifu kitu cha mtu, awe mtoto au hata sufuria, lazima uitaje, la sivyo sifa yako inabeba jicho ndani yake. Nilimwona mama akiisubiri. Alipoona haiji akaisema mwenyewe, kwa sauti ya chini, huku akimfuta ng'ombe mahali alipopapaswa.

Ng'ombe alizaa salama. Tulipata dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, tukafurahi, tukangoja maziwa yenyewe. Hayakuja. Mama alikamua mpaka vidole vikamkakamaa, akapata kopo moja, na nusu yake ni haki ya ndama. Lililomtisha zaidi ni kwamba kiwele kilibaki vilevile. Ng'ombe wa wenzetu wakishakamuliwa kiwele hulegea, kikawa kama mfuko mtupu. Cha wetu kilibaki kimetuna, kizito, kama kwamba kuna mtu ameyafungia maziwa humo ndani na kuondoka na ufunguo.

Mama akajua ni nani. Alimngoja shoga yake pale kwenye michongoma iliyotenganisha nyua, na alipotokea na beseni lake la maganda, akamwambia mbele yetu sote, "Jicho lako limenimaliza. Usilete tena takataka zako kwangu."

Yule mama alidhani anataniwa. Akaanza kucheka, akaona uso wa mama, akalitua beseni. "Wallahi mie simo," alisema. "Shoga, mie na wewe?" Mama akampa mgongo. Beseni la maganda lilibaki chini pale mchana kutwa, kuku wa watu wakilichokonoa.

Hawakusemeshana tena. Yule mama akahamia Kunduchi kwa binti yake, na baada yake ng'ombe akaenda kwa mchinjaji. Miaka michache mbele zikaja habari kwamba yule mama amefariki. Mama alikuwa anachagua mchele. Akasema inna lillahi, akaendelea kuchagua. Hakwenda msibani. Kwetu asiyekwendewa msibani ni adui wa damu tu, na wengine hata huko huenda.

Mwaka uliofuata nikapata nafasi ya chuo cha mifugo. Siku moja mwalimu alituletea viwele viwili kutoka machinjioni, akavipasua mbele yetu. Cha kwanza kilikuwa na nyama ya manjano hafifu, yenye vijitundu, imetapakaa kote. Cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na ndani kilikuwa cheupe. Mafuta matupu. Akatueleza kwamba kiwele hujengwa mapema, mtamba akiwa bado mdogo. Mwili hutoa vichocheo vya ukuaji, vinavyoziambia seli za maziwa zigawanyike, ziongezeke, zisambaze vijifereji vyake kama mizizi. Mtamba akilishwa kupita kiasi katika miezi ile, seli haziitikii tena mwito ule kama inavyotakiwa, na mafuta hushika nafasi yake. Atanawiri, kiwele kitajaa, na maziwa hayatakuwemo.

Nilitoka nje ya darasa. Niliona maganda, pumba, ubwabwa wa sikukuu. Niliona mapenzi yote yale yakigeuka mafuta.

Likizo nilimweleza mama. Nilidhani namsafisha marehemu tu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hiyo nilimnenepesha mie," alisema. "Mie na yeye."

Kulipokucha alivaa buibui lake, akaniambia nimpeleke Kunduchi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi kwa watoto wa marehemu, midomo inamcheza. Binti wa marehemu alitupokea kwa shikamoo na furaha ya kweli. Hakujua lolote. Mama yake alikuwa amewaambia kwamba wamepotezana na shoga yake kwa sababu ya umbali tu.

"Alikuwa anakutaja kweli," alisema. "Alivyokuwa mgonjwa, kila tukimletea chai anauliza, yule ng'ombe wa shoga yangu, maziwa yameshaongezeka? Kikombe hakishiki mpaka ajibiwe."

Mama aliuliza kwa shida, "Nanyi mkimjibu nini?"

"Tukimwambia yameongezeka, mama. Ndipo anakunywa."

Mama hakuyasema yale maneno aliyoyapanga. Alijifunika uso kwa mtandio, akalia mbele ya yule binti, ambaye alimshika bega na kumwambia pole, akidhani analia msiba.