Majivu ya Chekeche

Kaka yangu mkubwa ni mshona magunia, lakini mtaani anaitwa Chekeche. Majirani humletea mahindi ayahifadhi, naye huyachanganya na majivu makavu aliyoyachekecha mara tatu, kisha huyajaza kwenye pipa hadi juu na kulifungia stooni kwake.

“Dumuzi hahitaji sumu,” husema. “Majivu yanamchubua, anakauka kama ganda la kitunguu.”

Kwa miaka minne hakuna punje iliyotobolewa. Wenye watoto wadogo walimwamini kuliko duka lolote, na jina hilo ndilo mali pekee aliyonayo.

Mwezi uliopita nilimsaidia kupepeta pipa la jirani yetu mshona nguo. Majivu tuliyamwaga uani, kuku wakaingia kujigaragaza vumbini na kudonoa chenga. Kufikia mchana watatu walikuwa chini, shingo zimelegea.

Kaka aliokota konzi ya majivu, akanusa, kisha akaninyooshea mkono. Harufu kali ya dawa ikanipanda puani.

“Nani mwingine ana ufunguo wa stoo?” nikauliza, ingawa nilijua.

Shemeji alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

“Mimi,” akasema. “Mwaka ule wa kwanza majivu yako yalivuta unyevu, pipa zima likajaa dumuzi. Nikanunua mahindi mengine kimya kimya. Tangu hapo natia dawa kidogo. Sikutaka wakucheke, mume wangu.”

“Miaka minne nawahubiria watu majivu, na wewe unanisikiliza tu?”

“Nilikuficha aibu.”

“Umenivika aibu, ukaniambia ni kanzu.”

Hakupaza sauti. Alifunga stoo, akaenda nyumba kwa nyumba, zote sita zilizomletea mahindi. Nilimfuata, ila mimi kusema mbele za watu ni mtihani, nikabaki nyuma nikitazama vidole vya miguu yangu. Kila mlango alisema yaleyale: “Msile. Yana dawa. Aliyetia ni wa nyumbani kwangu.”

Mshona nguo alimkazia macho. “Mjukuu wangu amekula uji wa mahindi hayo tangu aote meno, Chekeche.”



Siku hizi hakuna anayemletea mahindi. Anachekecha majivu ya pipa lake peke yake, ufunguo ameuvaa shingoni. Shemeji akimwekea chakula, anakaa na kula.

Lakini kwanza anakinusa.