Maziwa ya Kumrudisha Shangazi

Mwaka ule tulikula nzige wa kukaanga, maana wimbi lote shambani walikuwa wamelimaliza. Hata leo, nikinusa kibuyu cha maziwa kikisuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, namwona shangazi akirudi kwetu, jicho limefura, mkono umevunjwa na mumewe. Kesho yake mume akaja na wazee. Wakaketi kungoja maziwa, kwa sababu yakishanywewa, kesi imekwisha na mke anarudishwa.

“Mama, mimina,” mzee mmoja akamwambia nyanya. “Alimpiga kidogo tu.”

Kidogo! Mkono ule haukunyooka tena mpaka anazikwa.

Nyanya akakikumbatia kibuyu. “Mna kiu? Mto uko pale chini. Simimini. Mtoto wangu harudi huko.”

“Unatuaibisha, mama!” yule mzee akafoka.

“Simimini. Mtoto wangu harudi huko.”